Siku Mkoba Wangu Ulipozoa Skurubu za Mzee Kioko

Aibu yangu ina mashahidi, na wengi wao wanauza nyanya, kwa hivyo hata nikitaka kuikana siwezi. Afadhali niisimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa mtu wa kuongeza chumvi, ingawa kusema kweli chumvi yake inatosha.

Mnajua nina saa. Si ya mkononi, ni ya mfukoni, ya mnyororo, ya fedha, nene kama andazi, kifuniko chake kimebonyea upande mmoja. Ilikuwa ya babu yangu, gadi wa treni, na kama hamjui kazi ya gadi niwaambie: dereva haondoki mpaka gadi apeperushe bendera ya kijani, na gadi hapeperushi mpaka saa yake iseme, maana yake treni nzima, pamoja na wakubwa wa daraja la kwanza na kofia zao, ilikuwa ikingoja saa ambayo leo iko kwangu mtaani Umoja, kwa Nekesa, msichana, kitinda mimba. Baba aliponipa, kakangu Wafula alinuna mwezi mzima. "Saa ya ukoo haipewi mtu wa kuolewa," alisema (yeye ambaye simu zake zote zina kioo kilichopasuka), naye Baba akamjibu kwamba kila jioni alipokuwa akiitia ufunguo mimi ndiye niliyekaa kutazama, Wafula alikuwa nje na mpira.

Basi mambo yote yaliharibika kwa uamuzi mmoja mdogo: nilitaka ionekane. Nilikuwa nimeitoa kwa Mzee Kioko, fundi wa saa pale sokoni, alikoisafisha na kuitia mafuta, ikawa inatembea vizuri kabisa, na wiki hiyohiyo nikanunua mkoba wa mtumba, mwekundu, wenye kifungo cha sumaku kinachojifunga chenyewe, ta!, na chini ya kifungo kuna kijifuko ambacho ungesema kilishonewa saa ya babu. Nikaitia humo. Nikawa naitoa kwenye foleni ya maji, naitoa kanisani, naitoa hata mahali ambapo hakuna aliyeuliza saa.

Siku ya tatu ikaanza kukimbia. Dakika kumi mbele, kesho yake ishirini, halafu nusu saa. Nikajaribu kuilaza kifudifudi, nikaisimamisha ndani ya kikombe, nikaifunga kwa leso nikidhani ni joto. Mwisho nikafungua mgongo wake kwa kisu cha kumenyea viazi (msinitazame hivyo) na humo ndani kuna kijimkono kidogo cha kuipunguza mwendo, nikakisukuma mpaka mwisho. Ikapoa siku moja, halafu ikachapa mbio tena kama mbwa aliyeiba nyama.

Nami kwa kiburi simu nilikuwa siitazami tena. Alhamisi nikafika shuleni kumchukua mtoto wangu Shantel, lango limefungwa, nikamfokea mlinzi kwamba watoto wa watu wanafungiwa mpaka saa kumi. Mlinzi akanionyesha simu yake. Ilikuwa saa tisa na dakika tano.

Jioni hiyo Wafula akapiga simu. Baba anakuja Jumapili kutoka Bungoma, atafikia kwake mtaani Komarock. "Uje na saa. Na nisikie haitembei vizuri, inarudi kwa wanaume."

Sikulala. Nani alikuwa ameigusa saa yangu? Mimi, na Mzee Kioko. Mimi sijaiharibu (nilijiambia hivyo, nikakisahau kile kisu), kwa hivyo ni yeye: amebadilisha mashine, ameuza ile ya babu, ameniwekea takataka. Asubuhi nikampeleka mtoto shule, nikaenda moja kwa moja sokoni hata nywele sijachana.

Mzee Kioko ni mtu mdogo, mpole, kibanda chake kimebanwa katikati ya akina mama wa nyanya na sukumawiki. Alikuwa amefungua saa za watu tano, kila moja na kisahani chake cha skurubu, zile ndogo ambazo ukipiga chafya zimeenda.

"Karibu, Mama Shantel."

"Usinikaribishe! Mashine ya babu yangu iko wapi?"

"Mashine gani?"

"Wewe mzee mzima na mvi zako unaibia mtoto wa watu! Hii saa ilikuwa inaendesha treni!" Na ili ajue sichezi nikaupiga mkoba juu ya meza yake, pa!, kifuniko wazi, nikatoa saa, nikamwekea puani, nikaendelea kupiga kelele mpaka wauza nyanya wakaacha kupanga mafungu. Mmoja akasema, "Mwambie, Mama!" Nikapata nguvu zaidi. Nikasema sitaki kuongea tena, tutaongea mbele ya chifu, nikaunyakua mkoba juu kwa hasira yote niliyokuwa nayo.

Wauza nyanya wakasimama kutazama.

Mzee Kioko alikuwa haniangalii mimi, anaangalia mkoba. Nikautazama. Kile kifungo cha sumaku kilikuwa kimeota ndevu. Skurubu zote za saa zote tano zilikuwa zimening'inia pale, nyeusi, zimeshikana kama siafu kwenye mfupa, na katikati yao kibano cha mzee kinabembea.

Akauliza polepole, "Na saa ya babu yako, huwa unaiweka wapi?"

Jibu nililijua kabla hajamaliza swali. Nikanyoosha kidole kwenye kijifuko.

Wueh! Lile soko lilicheka. Walicheka mpaka mama mmoja akakalia mafungu yake mwenyewe. "Huyu mathe amekuja na chambo cha skurubu!" "Mpelekeni Dandora, atatusafishia jalala lote kwa siku moja!" Simu zikatoka, nikaona kabisa ninarekodiwa nikiwa na kichwa kisichochanwa.

Mzee hakucheka. Alichukua dira ndogo, akaisogeza karibu na saa, na sindano ikageuka kuifuata saa. "Imeshika sumaku. Ndani kuna springi nyembamba kama unywele, imejizungusha. Sasa mizunguko yake inashikana, inakuwa kama imekatwa fupi, na springi fupi hupiga haraka." Akafungua mgongo. "Na hiki kijimkono nani amekisukuma mpaka mwisho?"

Nikatazama sukumawiki za jirani.

Ningeweza kuondoka. Wengi mngeondoka, msinidanganye. Lakini mimi niliyapaza matusi mbele ya watu, na nikaona aibu kubwa zaidi ni kuomba radhi kwa kunong'ona. Nikawageukia wauza nyanya, nikasema kwa sauti ileile: "Nimemwita huyu mzee mwizi. Si mwizi. Saa nimeiharibu mimi kwa maringo yangu. Mzee, nisamehe." Kisha nikauliza naanzia wapi.

"Umezichanganya," akasema, "utazichambua kama mchele."

Nikakalia kreti ya soda, kioo chake cha kukuzia nimekibana jichoni, nikachambua. Kila skurubu aliipitisha kwanza kwenye kisanduku chake cha buluu cha kutoa sumaku, mimi nikailinganisha kwa urefu, kwa kichwa, kwa rangi, kisahani baada ya kisahani. Mgongo uliniuma. Ilipofika saa nane mchana haikukosekana hata skurubu moja, na mzee akasema, "Mkono wako hautetemeki," nami niliyathamini maneno hayo kuliko cheti changu cha sekondari, cha fomu foo. Halafu akanipa saa yangu niitoe sumaku mwenyewe: unaishika juu ya kisanduku, unabonyeza, unaivuta mbali polepole huku bado umebonyeza. Dira ikatulia. Kijimkono tukakirudisha katikati.

Jumapili, Komarock. Baba hakuuliza habari, aliomba redio. Tukangoja taarifa ya saa saba, ile milio ya redio ya kutangaza saa ikalia, saa yetu iko kiganjani mwa Baba. Ilikuwa mbele kwa sekunde nne.

"Redio imechelewa," Baba akasema.

Wafula hakukubali kushindwa hivyo. Akatoa simu, akaweka video mbele ya Baba: mimi, nywele zangu, mkoba wenye ndevu, soko zima linacheka. "Huyo ndiye umempa saa ya babu," akasema. "Anatukana wazee sokoni."

Baba aliitazama mpaka mwisho, pamoja na mahali nilipoomba radhi, akairudisha nyuma, akapatazama hapo tena.

"Nani aliiharibu?"

"Ni mimi, Baba. Fundi hakuwa na kosa."

"Na nani ameitengeneza?"

"Mzee Kioko. Na mimi."

Baba akaitia ufunguo taratibu, kama zamani, akaniwekea kiganjani na kunifunga vidole. Kisha akamgeukia Wafula. "Wewe ungesema ni fundi."

Chakula cha Wafula kilipoa hapo. Mimi nilikula sahani mbili.

Mkoba bado ninao, nabebea viazi. Saa inakaa kwenye leso ya pamba, mbali na simu, mbali na spika, na nimeapa sitaitoa tena kwa ajili ya macho ya watu. Anayetaka kujua ni saa ngapi aniulize, nitamjibu. Na kabla sijamwita mtu mwizi tena, kwanza nitakagua mkoba wangu.