Hatua Ishirini za Mfereji

Mwaka ule ulezi wetu ulikuwa ndiyo kwanza unatoa masuke, na shambani hakuna maji. Mto haukukauka, hapana, ulikuwa unapiga kelele bondeni kutwa nzima kama unatucheka. Kilichokufa ni mfereji. Mdachi alipokuja kutupiga, askari wake waliweka kambi huko juu mlimani, pale mdomoni, mahali mfereji unapochukua maji mtoni. Wakachinja ng'ombe zetu palepale, wakabomoa kingo, wakaziba mdomo kwa mawe na magogo. Walipoondoka walibeba na wanaume, wakawajengee boma Arusha. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimeolewa juzi tu, hata kukoroma kwake nilikuwa sijakuzoea.

Tukabaki wanawake na watoto, na mzee mmoja wa mguu mbovu ambaye askari walimwangalia wakamwacha. Huyo ndiye alikuwa mwangalizi wa mfereji. Alikuwa anaongelea puani, hivi: "Mmmfereji una sheria zaaake." Sheria zenyewe, kila nyumba itoe mwanaume na jembe, mzibue pamoja, ndiyo upate siku yako ya maji. Na mwanamke asikanyage pale mdomoni. Akikanyaga, eti maji yanakasirika, yanahama.

Mama mkwe wangu, mwanamke mwenye sauti kama beberu, akamfuata.

"Mzee, wanaume wako wapi?"

"Wako bomani."

"Wanafanya nini?"

"Wanabeba mawe."

"Sasa mfereji azibue nani?"

"Tuwasubiri."

"Na ulezi umeuambia usubiri?"

Mzee akajikuna mguu.

Basi tukazibua sisi. Tulianzia chini mashambani tukawa tunapanda, siku nyingi, mpaka kucha zikatuisha. Mzee yeye anakaa juu ya jiwe na fimbo yake: "Hapo umeacha tope, wewe binti. Hapooo. Una macho kweli?" Tukafika mahali tunauona mdomo. Hatua ishirini, nilizihesabu kwa macho. Magogo mawili na rundo la mawe, basi. Mama mkwe akaweka jembe begani apite. Mzee akajilaza katikati ya mfereji, mguu mbovu juu hewani: "Nikanyageni mimi kwanza!"

Nani angemkanyaga mzee? Na nisiwadanganye, tuliogopa. Mimi niliamini kabisa maji yatahama.

"Haya, toa magogo wewe," mama mkwe akamwambia.

"Sina nguvu."

"Unataka tufe na njaa?"

Akakaa, akafikiri, akatoa akili yake kubwa: atakwenda kumwomba Mdachi atuazime wanaume watano, siku moja tu.

Nilikwenda naye bomani, kumbebea ndizi za njiani. Mzee kasimama mbele ya Mdachi na jani la sale mkononi, jani letu la kuombea amani. Mdachi anaongea kama amekwamwa na mfupa. Mkalimani, mtu wa pwani, laini kama samli: "Bwana mkubwa auliza, mfereji huo ni wa nani?"

"Wetu sote."

"Asema cha wote hakina mwenyewe. Mkubwa wake nani?"

"Mimi naangalia tu."

"Haya, mzee wangu. Sasa iangalie njia ya kurudia kwako."

Siku ya tatu, tukidhani tumenyimwa, wanaume wakaja. Watano, kama tulivyoomba, na mume wangu akiwa wa pili kwenye mstari. Nyuma yao askari na kiboko, na nyuma ya askari jumbe aliyewekwa na Mdachi. Jua halijawa kali, magogo yameshatoka. Walipoteremka kutoka mdomoni nikampelekea mume wangu maji kwenye kibuyu. Akaniuliza harakaharaka, "Ulezi vipi?" Nikamwambia, "Utapona." Askari akanifukuza. Tuliongea hayo tu.

Jumbe akapanda jiwe la mzee, kifua mbele: "Kuanzia leo maji nagawa mimi!"

Mama mkwe akamwambia, "Tuliozibua ni sisi."

"Nani aliwatuma?"

Maji yakateremka kwenye mfereji wetu, yakapita kando ya ulezi wetu tunayaona, yakaenda kwenye migomba yake. Siku yetu ilipokuja, masuke yameshalala chini.

Mzee akaja nyumbani na jani la sale kutuomba msamaha. Mama mkwe hakulipokea. "Umeniletea jani," akasema. "Na hili nitalimwagilia na nini?"

Mdachi simshangai, yeye alikuja kuchukua. Ninaloshindwa kumeza mpaka leo ni zile hatua ishirini. Tulikuwa wanawake wengi, na majembe mkononi.

Ulezi ulipokwisha kufa nilipanda peke yangu mpaka mdomoni. Nikakanyaga, miguu yote miwili, nikarukaruka. Maji hayakuhama. Yaliendelea tu kwenda kwa jumbe.