Sauti Kwenye Setilaiti ya Lamis

Lamis wa Bondeni hapendi maneno mengi. Hata wakwe zake huwasalimu huku akitembea. Yeye na wenzake wa chama cha redio za ridhaa wanaunda setilaiti ndogo, inayoenea kwenye kikapu cha sokoni, na kazi ya Lamis ni kutengeneza mtambo wa mawasiliano utakaobebwa humo. Setilaiti hiyo ikipita juu ya Mombasa itasikika kwa dakika kumi hivi, kisha itapotea. Kwa hiyo Lamis alitaka ipokee na kurusha maandishi mafupi tu. Sauti itamaliza betri bure, alisema.

Mwenzake Oloo alishikilia sauti iwemo. Wakakubaliana kuijaribu: mtambo ukawekwa juu ya paa, ukategeshwa ujizime baada ya dakika kumi zilezile. Ami yake Lamis, Abdulghafur, fundi wa redio Mji wa Kale, akapewa nafasi amwite nduguye Mzamil aliyeko Liwatoni.

"Sabalkheri, Mzamil. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Goti je? Na mkeo, homa imemwacha?"

Mzamil akajibu moja moja, akamshukuru Mungu, kisha naye akaanza kuuliza ya kwake. Hawajamaliza, mtambo ukazimika.

"Umeona?" Lamis akamwambia Oloo. Akamgeukia mzee. "Ami, ujumbe wenyewe ulikuwa upi?"

"Ujumbe gani tena?" Abdulghafur akavua visikizi. "Si nimeshajua hawajambo?"

Lamis akamwambia Oloo watafute betri kubwa zaidi.