Chiriku na Cheti Kilichomeza Darasa

Mjukuu wangu jina lake ni Chiriku. Nimempa mimi, maana alianza kusema kabla ya kuota meno na hajanyamaza mpaka leo. Ukimtuma chumvi dukani atarudi na chumvi pamoja na habari za mtaa mzima. Mama yake, binti yangu, ni muuguzi, kazi yake iko mbali, kwa hiyo mtoto nimemlea mimi. Ubishi wake ni wangu, sikatai.

Watu wakimwona kwenye chumba changu cha mbele anauza bahasha na kutoa kopi, wanadhani kazi yake ndiyo hiyo. Wapi! Chiriku anaiandikia kompyuta maagizo, nayo inatii. Akishaanza kuandika, mdomo unafungwa. Hapo ndipo ninaposikia saa yangu ya ukutani.

Chumba hicho kilikuwa na mvutano. Mwanangu wa kiume, mjomba wake Chiriku, ni fundi ujenzi, na alikitaka aweke mifuko yake ya saruji isilowe mvua. Kila Jumapili alikuja kunilainisha.

"Mama, huyu anachezea mashine tu. Wateja wako wapi?"

"Mjomba, wateja wanaogopa vumbi lako," Chiriku anamjibu.

Nikachoka kuamua ugomvi. Nikawaketisha wote wawili nikawaambia: "Mwalimu mkuu wa shule ya chekechea ameleta kazi ya vyeti. Akija Ijumaa akaridhika, chumba ni cha Chiriku moja kwa moja. Asiporidhika, leta saruji." Na mimi nikishasema nimesema. Marehemu mume wangu aliyajua hayo mpaka anaingia kaburini.

Kazi yenyewe nitaieleza nilivyoielewa. Maneno ya cheti ni yaleyale kwa kila mtoto, kinachobadilika ni jina tu. Chiriku akaandika cheti, na mahali pa jina akaweka mabano, moja la kufungua na moja la kufunga, katikati neno "jina". Kisha akavipanga vyeti vya darasa zima, kimoja chini ya kingine, vyote katika andiko moja refu. Kompyuta ilitakiwa iyatafute mabano, iyatoe pamoja na kilichomo ndani, itie jina la mtoto, iende kwenye mabano yanayofuata.

"Si unipe kalamu nikusaidie?" nikamwambia.

"Bibi, kwa mwendo wako wa kuandika, hao watoto watapokea vyeti wakiwa na ndevu."

"Na wasichana?"

"Hata wao."

Mke mwenzangu huyu hana adabu, lakini hakukosea.

Alijaribu kwanza kwa cheti kimoja. Kikatoka safi, jina limekaa mahali pake. Akalala usingizi wa mfalme. Ijumaa asubuhi akaweka majina ya darasa zima, akabonyeza. Mashine ya kuchapa ikanguruma, ikatema karatasi moja, ikanyamaza.

Moja! Juu imeandikwa "Cheti hiki anapewa", likafuata jina la mtoto wa kwanza, na baada yake mkia wa cheti cha mwisho kabisa: "kwa kumaliza masomo ya awali. Hongera sana." Watoto wote wa katikati hawapo, wamemezwa pamoja na vyeti vyao.

Chiriku akakodoa macho. Na balaa halipigi hodi: mwalimu mkuu huyo mlangoni, mapema kuliko alivyoahidi, na nyuma yake mwanangu, na mkokoteni umejaa saruji. Hata kungoja hakungoja.

Nikamkalisha mwalimu, nikampa chai, nikamuuliza habari za magoti yake. Jicho lake likaiona ile karatasi.

"Bibi, hiki ni nini? Darasa langu lina mtoto mmoja?"

"Huyo amewahi," nikasema. "Wenzake wako njiani."

Mwanangu akacheka mpaka akashika ukuta. "Mama, nishushe mifuko?"

"Shusha sauti kwanza. Mwalimu bado hajasema neno."

Chiriku alikuwa ameinamia kioo cha kompyuta, hasemi. Mtoto asiyenyamaza hata akipiga mswaki! Nikamwongezea mwalimu chai ambayo hakuiomba. Mara Chiriku akaruka kitini.

"Mroho! Ni mroho!"

"Usimtukane mjomba wako mbele ya wageni," nikasema.

"Siyo mjomba, Bibi, ni agizo langu! Nimeiambia ianze kwenye bano la kufungua iende mpaka bano la kufunga. Nayo ikifika kwenye la kufunga, inaona mbele kuna jingine, inaendelea. Mpaka la mwisho kabisa! Kwake vyeti vyote vilikuwa ndani ya mabano, ikavifuta ikaweka jina moja."

"Na jana mbona ilitulia?"

"Jana kulikuwa na cheti kimoja. Ingekula nini?"

Basi akaongeza alama moja ndogo, ya kuuliza, inayoiambia mashine isimame kwenye bano la kufunga la kwanza inalokutana nalo. Akabonyeza. Mashine ikanguruma, karatasi zikaanza kuteremka, moja, nyingine, nyingine, hata trei ikajaa zikaanza kuangukia miguu ya mwalimu.

Mwalimu yule hana haraka. Alivisoma vyote kwa kidole, midomo ikicheza, nasi tumesimama kama tunangoja hukumu. Alipokiweka chini cha mwisho akasema, "Safi. Ripoti za muhula nazo utanifanyia?"

"Nitakufanyia! Na barua za wazazi je? Na ratiba? Mwalimu, unajua ratiba naweza..." Chiriku wangu karudi.

Nikamgeukia mwanangu. "Umesikia mwenyewe. Geuza mkokoteni."

"Mama, saruji nitaiweka wapi? Wingu lile unaliona?"

"Una chumba cha kulala, kikubwa tu. Nilikipima nilipokuja kwenu kumwona mtoto mchanga."

Akaondoka ananung'unika, magurudumu yanalia. Jioni mkwe wangu, mke wake, akanipigia simu, analalamika kwamba kitandani hakufikiki bila kupanda mifuko. Nikamwambia, mama, panda.