Kalibu ya Kitai

Baba alikuwa na gobore lenye kibali, na shamba la mahindi kule Mbuji ambalo nguruwe pori walilipenda kuliko sisi wenyewe. Kalibu yake, kile chuma cha vipande viwili alichomiminia risasi iliyoyeyuka ikatoka gololi, ilikuwa imechakaa, na gololi zilitoka na vinundu kama viazi. Akanipa hela nipitie Kitai kwa fundi anayechonga kalibu kwa kipimo cha bunduki moja tu. Upana wa mdomo wa gobore aliupima kwa uzi, akaufunga fundo, akanikabidhi.

Fundi alipotaja bei nilidhani anatania. Kwa hela ile ungepata mbuzi jike mwenye mimba. Nikamuuliza kama kalibu yake inatoa gololi za dhahabu. Hakucheka. Akasema anayetaka gololi za bei rahisi akanunue zile za kioo wanazochezea watoto. Mimi nina ulimi, lakini sipendi kujibiwa. Nikapanda basi na hela zangu nikateremka zangu ziwani.

Nimeolewa Mbamba Bay, na shemeji yangu huyeyusha risasi mara kwa mara kutengeneza vizito vya nyavu, kwa kalibu za udongo anazochoma mwenyewe. Nikampa ule uzi. Alifanya kazi kwa moyo mweupe, tena bure. Jambo moja halikunijia akilini: ziwani kizito kikizidi kidogo hakuna anayelalamika, maana wavu unazama vizuri zaidi. Mkono wake umezoea kuzidisha, na wala hajui kama unazidisha.

Wiki iliyofuata nilipanda Mbuji na gololi kumi. Nilimwambia baba kwamba fundi wa Kitai amezimimina za kuanzia, kalibu yenyewe bado anaisugua. Hela zilikuwa zimeshageuka mabati ya jiko langu. Baba akaibiringisha gololi moja kiganjani na kumsifu fundi hadi nikaona aibu, ila aibu yenyewe ilikuwa ndogo na niliimeza pamoja na ugali.

Kulipopambazuka tulikwenda shambani wawili. Baba hakuwahi kushindilia gobore nyumbani penye wajukuu. Alishindilia hukohuko, na mimi nilimbebea baruti. Tulipita juu ya matuta ya ngoro, kilimo chetu cha mashimo, mashimo yenyewe yakiwa chini yetu kulia na kushoto. Dume moja kubwa la nguruwe lilikuwa ndani ya shimo, hatua kama ishirini mbele, likivunja mahindi bila wasiwasi wowote.

Baba akamimina baruti, akatia gololi, akashindilia kwa ufito wake wa chuma. Ule ufito una alama, na gololi ikifika chini sawasawa, alama hulingana na mdomo wa gobore. Asubuhi ile alama ilibaki juu kiganja kizima. Macho ya baba hayakuwa yakiona vizuri mwanga wa namna ile. Yangu yaliona.

"Inabana," alininong'oneza, karibu kwa furaha. "Ndiyo upya wake."

Akauchomoa ufito. Gololi ilikuwa imekwama ndani ya mtutu kabla ya kuifikia baruti, na tangu utotoni nilijua gobore likipigwa hivyo hupasuka usoni mwa mwenyewe. Mzee mmoja wa kilima cha pili alipoteza jicho na vidole vitatu kwa njia hiyohiyo. Baba akavuta nyundo nyuma, akaliweka bega sawa. Niliogopa, na bado sikusema. Nilitamani dume likimbie lenyewe, asubuhi ipite, na uongo wangu usiguswe na mtu.

Dume likainua kichwa, likatugeukia. Kidole cha baba kikaingia kwenye kifyatulio.

"Baba, usipige. Si ya Kitai."

Hakugeuka. Aliuliza ni ya nani. Nikamwambia ni ya shemeji, wa vizito vya nyavu.

Akaishusha nyundo polepole, kwa vidole viwili. Dume likapanda tuta letu kwa kasi. Baba akanisukuma shimoni, naye akaangukia juu yangu, gobore likiwa limeelekezwa mbali nasi. Dume likapita. Tukasikia mabua yakivunjika mstari baada ya mstari, kisha wenzake wakatoka kwenye kichaka na kulifuata. Tulibaki shimoni tukiwasikiliza wakila. Hatukuwa na la kuwafanya.

Jua lilipotoka, baba alikaa ukingoni akiwa na udongo mpaka kwenye nyusi. Hakuuliza habari za hela. Aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Ningekufa, pale msibani ungesema ni gololi ya nani?"

Nilikuwa nalijua jibu, na yeye aliliona usoni mwangu.

Ningesema ya Kitai.