Nyuma ya Kiberenge

Mume wangu haoni tena. Macho yalianza kwa ukungu, tukapuuza, yakaziba kabisa. Siku hizi anakaa barazani hapa Nyarero na kuona kwa vidole. Mahindi anapukuchua mwenyewe, ng'ombe wake anawajua kwa kushika pembe. Mwaka huu baada ya mavuno alianza jambo jipya. Aliniuliza baba yake alikuwa anakaa wapi kwenye kiberenge.

"Kiberenge kipi?" nikamuuliza, na nilijua vizuri.

"Kile mlichopanda pamoja kila asubuhi. Mimi sikukiona hata siku moja."

Ni kweli hakukiona. Aliponioa alikuwa askari, anahamishwa kambi hii na ile, akaona nipelekwe kwa wazazi wake. Nao hawakuwa huku Mara. Baba yake alikuwa seremala kwenye karakana ya reli, katika mji mmoja wa mbali, na nyumba yao ilikuwa nje ya mji. Asubuhi kiberenge kilikuja kutuchukua, watu wa kazini na sisi wa sokoni. Usifikiri ni treni. Lilikuwa behewa moja tu, injini chini ya sakafu, linakwenda lenyewe kama basi lililokosea njia likapanda reli. Juu rangi ya maziwa, chini nyekundu. Ukikaa, meno yanagongana mpaka mjini.

Baba mkwe alifariki mume wangu akiwa kambi ya mbali. Alipofika, kaburi lilikuwa limeshaota majani. Hakulizungumza jambo lile miaka yote. Sasa macho yamezima, ndipo anataka kujua baba yake alikaa wapi.

Mjukuu wetu mmoja wa kike anafundisha watoto wadogo kule Turwa. Alipokuja kutusalimia nikamwambia babu yake anataka kukishika kiberenge. Alicheka sana. Lakini safari iliyofuata alikuja na ndoo ya vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea watoto, vinavyoshikana kimoja juu ya kingine. Vingi vilikuwa na alama za meno.

"Shikamoo, babu. Nimekuletea usafiri."

"Marahaba, mke wangu. Wewe ndiye unanijali. Huyu mwenzio ananinyima hata tumbaku."

"Mchukue basi," nikamwambia mjukuu. "Ila ujue anakula kama vijana watatu, na akishiba anagomba."

Nikakaa mkekani nikaanza kujenga. Vyekundu vilitosha. Vya rangi ya maziwa havikuwemo, tukaweka vya njano. Nilianza na nyuma: mlango mpana wa kupitishia mizigo, benchi refu la ubavuni, nguzo ya kushikilia, na pale chini ya benchi nafasi ya vikapu. Hata dirisha ambalo kioo chake kilivunjika likazibwa kwa ubao nililiweka. Vidole vilikwenda vyenyewe, sikusimama kufikiri. Halafu nikajenga upande wa mbele, navyo vidole vikaenda vivyo hivyo.

Mjukuu akakichukua, akakigeuza huku na huku.

"Bibi, umejenga nyuma mara mbili. Dereva anakaa wapi?"

Nikatazama. Mlango wa mizigo huku, mlango wa mizigo kule. Vikapu huku, vikapu kule. Mbele ya kiberenge kile sikuijua.

Sisi Wakurya, mke wa mtoto hakai na baba mkwe. Hamli pamoja, hampeani mkono, na ukikutana naye njiani wewe ndiye unayeacha njia ukapita majanini. Nyumbani hiyo haina taabu, nafasi ipo. Sasa ndani ya behewa moja utakwenda wapi? Yeye alipanda mlango wa mbele, mimi wa nyuma. Katikati watu wa kila kabila wanabanana, wanacheka, wanakanyagana. Sisi wawili peke yetu ndio tuliokuwa na mpaka. Sikuinua macho kutazama mbele. Akiwa na neno, alimtuma mkata tiketi.

"Dada, mzee anasema jioni ununue chumvi," mkata tiketi ananiambia. Alikuwa mtu wa pwani, mchangamfu, aliona tuna wazimu. "Si huyo hapo tu? Geuka umjibu mwenyewe, hang'ati!"

Abiria wanacheka. Mimi natazama vikapu vyangu.

Nilimheshimu mzee yule kwa namna niliyofundishwa, na nilidhani imetosha. Leo mtoto wake ananiuliza jambo dogo kabisa, alikaa wapi, na mimi niliyekuwa naye humo kila asubuhi sina cha kumwambia.

Mjukuu alibomoa upande wa mbele, akaweka kiti cha dereva na viti vya abiria kama alivyoona mwenyewe kwenye picha. Akachukua mtu mdogo wa plastiki akamkalisha dirishani. Akaninong'oneza, "Mwambie alikaa hapa. Atajuaje?"

"Macho ndiyo yamekufa," mume wangu akasema. "Masikio ninayo."

Akanyoosha mikono, tukampa. Alianzia nyuma. Akapapasa mlango, benchi, nguzo, akaenda polepole mpaka mbele, kidole kikamgusa yule mtu wa dirishani.

"Ndiyo hapa?"

"Sijui," nikasema. "Huyo kawekwa na mke wako. Mimi sikutazama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja. Ningetazama, ungeniambia nini wewe?"

Hakupandisha sauti. "Ningekurudisha kwenu."

"Basi."

Mjukuu akajifanya anatafuta vitofali kwenye ndoo. Ndipo nikakumbuka kitu kimoja, na nikamwambia mume wangu kama kilivyokuwa.

Baba yake alishuka kabla yangu, pale karakana. Wenzake wakigusa chini wanakimbilia getini. Yeye hakukimbia. Alisimama kwenye kokoto, ametupa mgongo, kofia mkononi, mpaka kiberenge kiondoke. Tulipompita nilimwona. Mgongo wa mkwe haukatazwi. Nilidhani miguu inamsumbua. Halafu kuna siku niliumwa sikwenda sokoni, na niliporudi mkata tiketi akaniambia, "Jana mzee wako kashuka kaingia getini moja kwa moja. Leo wewe umo, kasimama tena. Nyie watu wa Mara mna mambo." Nikamwambia akate tiketi aache maneno. Nilikuwa mtoto mbichi. Sikujua nimeambiwa nini.

Nikamtoa yule mtu dirishani nikamsimamisha nje, mkekani.

Mzee akamtafuta ndani kwa vidole. "Amekwenda wapi?"

"Ameshuka. Yuko chini, mkono wako wa kulia."

Akampata. "Ameelekea wapi?"

"Ametupa mgongo."

Akaupapasa mgongo ule kwa kidole gumba, muda mrefu. Halafu akamshika asianguke. "Haya," akasema, "ondokeni."

Nikakisukuma kiberenge. Magurudumu hayakutosha, kwa hiyo kilikwaruza mkeka mpaka kikagota ukutani. Mume wangu alikuwa bado amemshika yule mtu, hakumwachia mpaka aliposikia kimesimama.

Mjukuu alipoaga nilibaki nikikusanya vitofali. Nilimwokota yule mtu nikamgeuza nimwone. Uso haukuwepo. Watoto wa Turwa walishautafuna.