Majina Saba Niliyoyakata

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa macho na masikio, akanipa baba aliyenifundisha Kitabu kabla sijajua kuwasha jiko, na akanifikisha umri huu nikiwa bado nasikia vizuri. Namshukuru kwa yote. Namshukuru hata kwa hasira niliyo nayo leo, maana bila hiyo nisingekaa kuandika. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema.

Mwanangu unayeshika kamera, nakumbuka siku moja, mchana, ndani ya ghala la pamba kule Misungwi, mzee asiyeona aliinua mkono wake wa kulia, vidole vyote vimenyooka, akasubiri. Nitakueleza alikuwa akisubiri nini. Lakini kwanza nikwambie kwa nini nimemkumbuka wiki hii.

Jumapili iliyopita walikuja kwangu Buswelu vijana watatu wanaotengeneza filamu za wasanii wetu wa asili. Anayewaongoza ni Neema, mjukuu wa jirani yangu, binti mwenye adabu na mwenye jicho zuri. Walijua kwamba ujanani nilikuwa mhariri wa video hapa Mwanza, wakaniletea kazi yao niione kabla hawajaitoa. Nikawaandalia chai. Nikavaa miwani.

Filamu ilikuwa ya Masanja, mpiga zeze wa Misungwi. Moyo wangu uliruka nilipomwona. Amezeeka, kama mimi. Kamera yao inayoruka ilionyesha mashamba, na ziwa kwa mbali likimetameta, kazi safi kabisa. Kisha Masanja akaweka zeze kifuani, akaligusa mara mbili, na hapo hapo akawa katikati ya wimbo.

"Neema," nikasema, "kabla ya kuimba mzee alisema nini?"

"Aah, yale? Alitaja majina ya watu, Bibi. Marefu hayo! Tumeyatoa. Siku hizi mtu usipomkamata mwanzoni anapita zake."

Mwenzake akadakia: "Bibi, yule mzee akianza kutaja watu unaweza kwenda kusonga ugali, ukala, ukarudi ukamkuta bado yuko kwa mababu!"

Wakacheka wote watatu. Mimi nikaifunga ile kompyuta kwa kishindo, nikawaambia waondoke. Waliacha chai mezani. Sikuwaeleza neno, na hapo nilikosea, maana mtu anayefukuzwa bila kuelezwa haondoki na kitu. Basi maelezo ndiyo haya, Neema, na wewe mwingine yeyote unayeshika kamera.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilifanya kazi katika duka la picha la Bwana Jitesh, ambaye babu yake alianza kupiga picha hapa mjini zamani sana. Tulikuwa na kamera moja ya kubeba begani na mashine mbili za kanda za kuhaririria. Zaidi tulirekodi harusi. Lakini Bwana Jitesh alipenda ngoma za Wasukuma, na mwaka ule aliamua tutengeneze filamu ya wapiga zeze. Akamchagua Masanja, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka thelathini hivi, na sauti yake ilikuwa inasifiwa kuanzia Buhongwa mpaka Shinyanga.

Sasa elewa desturi ya watu wale. Wimbo mkubwa hautungwi na kuachwa wazi kila mtu achote. Anayeujua humpa mwingine baada ya kumpima kwa miaka, na aliyepewa hufungwa na sharti moja tu: kila atakapouimba, ataje kwanza ulikotoka. Masanja alichunga ng'ombe wa mwalimu wake misimu miwili ili apewe wimbo ule. Kila alipokaa kuupiga alianza hivi, akigusa zeze polepole: amepewa na Ng'wandu, Ng'wandu alipewa na mama yake Kabula, na kadhalika mpaka jina la saba, mwanamke wa Ukerewe aliyewaimbia wapiga makasia. Kwa kila jina alieleza kidogo: huyu aliupata mwaka wa njaa, yule aliubadilisha ukawa wimbo wa kulima. Anayeimba bila kutaja huitwa mwizi. Kwenye mashindano ya ngoma watu hawamzomei. Wanamgeuzia mgongo na kuhamia upande wa pili, kwa kundi linaloshindana naye, basi.

Tulirekodi yote. Tuliporudi mjini nikakaa na zile mashine mbili. Majina yalichukua dakika nne. Bwana Jitesh alitaka filamu ya nusu saa, na nilikuwa nimezidisha. Ningeweza kupunguza picha za ziwa. Ningeweza kuondoa sehemu ambapo Bwana Jitesh mwenyewe anaongea. Nikakata majina. Hakuna aliyeniamuru. Niliunganisha mguso wa zeze na mstari wa kwanza wa wimbo, ikatoka laini kiasi kwamba huwezi kuona mshono, na nikajipongeza. Bwana Jitesh akasema, "Safi sana, Zuhura." Nililala vizuri siku hiyo, Mungu anisamehe.

Tulipeleka filamu Misungwi ili wenyewe waione. Wakatupa ghala la pamba. Tukafunga milango kupata giza, tukaweka televisheni juu ya marobota, jenereta likinguruma nje. Watu walijaa. Mbele kabisa aliketishwa Mzee Ng'wandu, mwalimu wa Masanja, na Masanja mwenyewe karibu naye. Alikuwa haoni, na alivaa koti lake la sikukuu. Mjukuu wake wa kike alimnong'oneza kilichoonekana.

Zeze liliposikika mzee akatabasamu. Akainua mkono, vidole vimenyooka, tayari kukunja kimoja kwa kila jina, kama alivyofanya siku zote Masanja alipoimba mbele yake. Wimbo ukaanza. Mkono ukabaki juu. Hakuna kidole kilichokunjwa. Akageuza sikio, akidhani labda ameshindwa kusikia. Wimbo ukaendelea mpaka mwisho, na mkono bado uko juu.

Kisha akasema, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Masanja, mimi nimekufa lini?"

Nyuma, mtu wa kundi pinzani akapaza sauti: "Kumbe wimbo ameuokota njiani! Mwenye nao ajitokeze achukue mali yake!" Wengine wakacheka. Wengi hawakucheka. Waliinuka na kutoka, mmoja mmoja.

Masanja alinifuata kwenye gari. "Dada," akasema, "mimi nilikutajia majina saba. Umeyapeleka wapi?"

"Yalikuwa marefu, kaka."

"Marefu? Majina saba marefu? Wewe baba yako ana majina mangapi, na lipi tulikate?"

Nikapanda gari. Baada ya mavuno Masanja alikwenda kwenye mashindano. Nilisimuliwa. Alipokaa tu, kabla hajagusa zeze, watu walihamia upande wa pili, wakidhani yeye ndiye aliyekubali majina yakatwe. Alijaribu kutaja majina, akayataja kwa sauti ya kupasuka, lakini nani angemsikiliza? Alibaki na mke wake na wapiga ngoma wake wawili. Akalifunga zeze kwenye gunia, akarudi kulima.

Nilikwenda kwa baba yangu, Mabatini, nikitaka kufarijiwa. Baba alikuwa maalim, amefundisha watoto wa mtaa ule miaka mingi. Nilimkuta kwenye mkeka baada ya sala ya alasiri. Nikamweleza, nikilia, na nikaongeza kwamba watu wa kule wamekuza jambo dogo.

Hakunifuta machozi. Akasema, "Nisomee hadithi ya kwanza niliyokufundisha."

Nikaanza: "Mtume amesema..."

Akainua mkono. "Umemsikia wewe?"

"Hapana, baba. Nimeipata kwako."

"Mimi nilimsikia?"

"Hapana. Uliipata kwa mwalimu wako."

"Naye?"

"Kwa mwalimu wake."

"Kumbe unajua. Miaka saba umekaa kwenye mkeka huu ukisema, kutoka kwa fulani, kutoka kwa fulani, na mimi nikakuchapa ukiruka jina moja. Ulidhani nakuchosha ulimi? Dini yenyewe imekufikia kwa watu kutajana. Leo umekwenda kwa watu wanaoshika adabu ileile kwa wimbo wao, ukawakata kwa sababu ya dakika nne, halafu unaniambia wamekuza jambo. Kesho asubuhi utarudi Misungwi. Utayarudisha majina, na utamwomba radhi yule mzee mbele ya walewale."

Alisema kesho asubuhi. Mwanangu, mimi nilikwenda baada ya wiki tatu. Kulikuwa na kanda za harusi, mashine zilikuwa na kazi, nilijiambia mzee hajambo. Nilipofika na filamu iliyorekebishwa kwenye mfuko, nilikuta watu wamekaa uani kwenye mikeka. Mzee Ng'wandu alikuwa amezikwa siku mbili nyuma.

Masanja hakunifukuza. Tukafungua tena lile ghala, na watu wakaja, hata wale wa kundi pinzani. Lilipotajwa jina la kwanza, la Ng'wandu, mjukuu wake aliinua mkono mahali pale pale alipokuwa ameketi babu yake, akakunja kidole. Akakunja vyote vitano, akainua mkono wa pili, akakunja viwili zaidi. Msimu uliofuata watu walimrudia Masanja. Lakini yule mzee aliuliza swali na akaondoka duniani bila kujibiwa, na aliyemnyima jibu ni mimi, kwa ajili ya kanda za harusi ya watu ambao hata sura zao sizikumbuki.

Kwa hiyo unaponiona nimefunga kompyuta kwa kishindo, usidhani ni uzee. Nina hasira na wewe, Neema, kwa sababu nina hasira na mimi, na hii yangu imedumu miaka yote hiyo. Subira na sala vimeituliza, havijaiondoa. Umekwenda kwa mtu yuleyule! Umemkata palepale nilipomkata mimi! Yeye alikuamini, akakukaribisha kwake, akakutajia waliompa alichonacho. Wewe ukacheka.

Nakuusia basi. Ukienda kwa msanii, muulize kwanza ni kitu gani kwake hakikatwi, kabla ya kuuliza mwanga unatoka wapi. Filamu ikizidi urefu, kata picha zako za angani, ziwa halitakulaumu. Mwonyeshe kazi yeye na watu wake kabla hujaionyesha dunia, na akikwambia kuna kosa, lirekebishe siku hiyo hiyo. Usingoje wiki tatu. Mtazamaji anayepita zake mwache apite, wapo watakaokaa.

Neema, filamu yako haijatoka. Masanja yu hai na anasikia. Ikiwa mmeshafuta sehemu ile, majina ni haya, nimeyahifadhi kama ninavyohifadhi sura za sala: Masanja amepewa na Ng'wandu, Ng'wandu na mama yake Kabula, Kabula na Nkwimba, Nkwimba na Maduhu, Maduhu na Luhende, Luhende na Bugumba, na Bugumba alipewa na Nyanzala wa Ukerewe. Yarudishe, kisha njoo kwangu. Nitachemsha chai nyingine.

Na haya niliyokuusia si yangu. Nimeyapata kwa baba yangu, mkekani, Mabatini, naye kwa walimu wake, Mungu awarehemu wote.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akubariki macho yako na kazi ya mikono yako. Akukutanishe na watu wa kukufundisha, akupe ulimi wa kuwataja wangali hai wanasikia, na siku utakapoondoka, amwache duniani mtu wa kulitaja jina lako kwa wema. Amina.