Nta Juu ya Jino Bovu

Nakumbuka kahawa ilikuwa imeiva, kijiji kizima cha Ruanda kiko shambani, na mume wangu amelala ndani, shavu limefura mpaka jicho halionekani. Usicheke, mwanangu. Jino linaua.

Gego lilikuwa limemtesa juma lililotangulia. Mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alitwanga majani ya mpera na karafuu za kununua Tunduma, akashindilia kwenye tundu la jino, kisha akaziba kwa nta ya nyuki ili mate yasiitoe dawa. Ndivyo walivyozoea kwao. Maumivu yakatulia, bwana akarudi kuchuma kahawa huku anajisifu. Mimi nikaona fizi inavimba, nikasema. Nikaambiwa mke wa juzi juzi ana maneno mengi.

Basi siku hiyo hata mate hayamezeki, mwili unachemka. Mama mkwe anataka kuongeza nta! Nikasimama mbele yake.

"Mama, nakuheshimu, lakini huyu anakwenda hospitali leo."

Akanuna. Nikamwomba dereva wa trekta la kijiji, tukampakia mgonjwa kwenye tela. Mama mkwe naye akapanda.

Daktari wa meno alibandua ile nta, usaha ukatoka, harufu yake nisikusimulie. Akasafisha mizizi ya jino kwa visindano vyembamba, akamlaza na kumchoma sindano. Mama mkwe akauliza, machozi yanamlengalenga, kama ni majani yake yaliyotaka kumwua mwanawe.

"Majani hayana kosa, mama," daktari akamjibu. "Ule ukakasi wa mpera unapigana na vijidudu, na karafuu hata mimi naitumia. Ila dawa yako haikufika kwenye mzizi, na nta ikaufungia usaha ndani."

Mume wangu alipona, na jino lake akabaki nalo.

Sasa wewe unayesukutua maji ya majani ya mpera ukajiona umepona, nisikilize. Sukutua, sikukatazi. Lakini maumivu kuisha si jino kupona. Uozo uko mzizini, na huko majani hayafiki mpaka mwenye vifaa akufungulie njia. Shavu likianza kuvimba, usingoje ruhusa ya mama mkwe, wala yangu. Nenda.

Mungu akulinde, akupe na meno ya kutafunia mahindi ya kuchoma mpaka uzeeni.